Mahali Majani Yanakatwa

Kisangani, Mangobo, tarehe 8 mwezi wa pili 1976

Shangazi yangu mupenzi,

Nakusalimia mara mbili, moja kwa mukono wangu na moja kwa mukono wa Safi, amesimama hapa nyuma ananichunga nisisahau. Huku tunaishi. Fatouma amengoka meno mawili ya mbele na anakataa kucheka mbele ya watu. Safi ananenepa, na si pondu inayomunenepesha. Mungu akipenda, mwezi wa saba utajua sababu.

Studio yangu bado iko pale karibu na soko. Watu wanakuja kwa foto za karatasi tu, kwa kitambulisho, kwa karte ya chama. Wote wanakaa kiti kile kile, shati imefungwa mpaka shingoni, insigne ya chama kifuani, wananikazia macho kama vile nimewaibia kuku. Nashukuru, tunakula. Lakini moyo wangu hauko pale, Shangazi.

Moyo wangu uko kwa mahali watu walitoka. Unajua zile maduka na mashamba serikali ilinyanganya wageni na kugawia wenyeji, na wenyeji nao wakachoka, wakafunga milango, wakaenda. Siku za Mungu, studio imefungwa, nachukua aparei yangu ya foto na nakwenda kule. Upande wa Isangi nimekuta kikausho cha kahawa kimekula kutu mpaka unaona mbingu ndani. Nimekuta nyumba ya muzungu, beseni ya kuogea imekaa peke yake chumbani, na muti umeota katikati yake. Napiga foto, nakaa kidogo, nasikia moyo wangu unatulia. Safi anasema nimerogwa, ao niko na mwanamuke. Mwanamuke, anasema, angalau angeelewa. Nakutumia foto tatu, uamue wewe.

Bon. Kuna neno lingine. Mwezi uliopita nilipanda treni ya Ubundu, nikapita kituo chenu cha zamani, kilometa themanini na mbili. Treni haisimami tena pale. Nilitoa kichwa dirishani, nikaona kipande cha paa ya gare, halafu majani yakafunika. Nimefikiri sana kama nikuandikie hilo ao ninyamaze. Basi nimeandika.

Mutoto wako,
Waziri

Kindu, tarehe 21 mwezi wa tatu 1976

Mwanangu Waziri, mutoto wa kaka yangu,

Barua yako ilifika na boti, imelowa pembe moja, ila maneno iko mazima. Hilaire, karani wa boti, aliileta mwenyewe mpaka mulangoni, akakula sahani mbili za wali, akaniambia umekonda. Mimi niko muzima. Magoti yanaimba wakati wa mvua, nayaacha yaimbe. Mwambie Safi asinyanyue ndoo za maji. Mwambie Fatouma bibi yake naye hana meno mawili, na anacheka tu.

Sasa foto zako! Niliwaonyesha wanawake wa mutaa. Wakauliza: huyu ni nani? Nikasema: ni beseni. Wakauliza: beseni ya nani? Wakaniangalia na huruma, wakaniombea dua. Waziri, foto ni ya mutu! Hata maiti, tunaita fotografa. Lakini beseni?

Haya, nimekucheka, nimemaliza. Sasa tuongee.

Unajua vile niliondoka kilometa themanini na mbili. Vita ilikuwa inakuja, bwana yangu, Tonton yako Feruzi, akanipandisha treni na mufuko mumoja, akabaki kwenye kibaraza cha gare na bendera yake nyekundu chini ya kwapa. Alisema: tangulia, nitafuata. Ni miaka kumi na mbili. Watu wakiniuliza bwana yako iko wapi, najibu: iko kazini. Si uongo. Shefu wa gare haachi gare.

Shehe wetu aliniambia tangu zamani: Kadidja, sheria imekufungua, kaa eda yako, iishe. Mimi njo nakataa. Kukaa eda ni kusema amekufa, na mimi sikumuona amekufa. Lakini sasa Bwana Sefu, fundi wa mitumbwi, ameniposa mara ya pili. Ni mujane, mutu wa heshima, anasubiri vizuri, hapigi kelele. Ameomba jibu mbele ya Ramazani. Nitamujibu nini? Niko na bwana ao sina? Mwenyewe sijui, Waziri. Ninazeeka na sijui.

Donc, kama unapenda nyumba za upweke, nenda unipigie foto ya nyumba yangu. Upige mbele, upige nyuma, kila upande. Ila usiulize mutu hata neno moja. Watu watakupa hadithi, kila mumoja ya kwake, ya kukufurahisha ao ya kukutisha, na mimi nimechoka na hadithi. Nataka nione kwa macho yangu kama ni nyumba ya mutu atakayerudi, ao ni nyumba ya mutu aliyekwisha.

Nakubusu paji la uso,
Shangazi yako Kadidja

Kisangani, tarehe 6 mwezi wa sita 1976

Shangazi yangu,

Usihesabu siku, nakuomba. Nilichelewa sababu ya homa kidogo, imekwisha. Safi iko mukubwa sawa na ngoma, anatembea akishika ukuta, na anakusalimia. Fatouma sasa anacheka. Maneno yako yalimuponya siku ile ile.

Nilikwenda. Mwenye kuendesha treni ni muteja wangu, nilimupiga foto ya arusi. Alipunguza mwendo pale kilometa themanini na mbili, nikaruka na aparei imefungwa tumboni na kitenge cha Safi. Nilirudi na kigari cha watu wanaotengeneza reli, mugongo wangu bado unakumbuka.

Nitakuambia vile nilivyoona. Kibao cha jina la gare kimengolewa, imebaki miti miwili imesimama haina kitu. Unajua majina yote yalibadilishwa, labda walikuja kuchukua la zamani na wakasahau kuleta lipya. Paa ya nyumba yenu nusu iko, nusu imeanguka. Mulango hakuna. Ofisini kwa Tonton ukutani bado kuna chaki, masaa ya treni yameandikwa kwa mustari, mustari wa mwisho umefutika; mule ni giza, foto sikupiga. Tangi la maji bado limesimama kwa miguu yake mine. Popo wamejaa. Majani yananifika kiunoni.

Mutu sikumuona, ila muzee mumoja nyuma ya nyumba na panga mukononi. Niliinua aparei, akanipa mugongo, akaingia porini. Nilitaka kumuita. Nikakumbuka neno lako, nikafunga kinywa.

Nakuwekea foto sita, nimeandika namba nyuma. Ya kwanza ni mbele ya nyumba, ya tano ni nyuma, ile ngazi ya jikoni na tangi. Nimetazama zote mara nyingi. Shangazi, mimi nilizoea kupenda mahali kama hapa, na siku ile sikupenda kitu. Nilisikia aibu, kama vile nimeingia chumba cha wazazi bila kubisha.

Unaniuliza ni nyumba ya mutu atakayerudi ao hapana. Sina haki ya kujibu. Lakini umeniuliza mimi, na mimi sitakuficha: naona hakuna mutu pale. Nisamehe.

Waziri wako

Kindu, tarehe 4 mwezi wa saba 1976

Waziri,

Salamu kwa Safi na kwa Fatouma. Mimi muzima.

Ile si nyumba yangu.

Jikoni yangu iko kwa mukono wa kuume ukisimama kwenye reli kutazama mulango. Kwako iko kushoto. Tangi la maji liko upande wa Ubundu, kwako limehamia upande wa Kisangani. Tangi la maji halina miguu ya kutembea, hata kama wewe umeandika iko nayo mine. Nyumba ile niliifagia miaka tisa. Mukono wangu unajua mambo yake.

Nyumba zote za gare kwenye njia ile zilijengwa na wazungu wale wale, sawa na mapacha. Nafikiri treni haikupunguza mwendo, ukashuka mbele, ukaona nyumba ya kufanana, ukasema: muzee atajua nini? Ungesema tu, Shangazi sikuweza. Ningekuelewa. Sasa umenipa nyumba ya mutu mwingine na umeniambia bwana yangu hayuko ndani yake. Kweli, hayuko!

Na homa yako nimeisikia. Hilaire hawezi kufunga kinywa, hasa kikiwa na wali. Ameniambia ulifungwa siku mbili. Unamuficha nani? Mimi niliyekufuta makamasi, niliyekubeba mugongoni mama yako alipokufa? Mutu akinidanganya jambo moja nitajuaje hajanidanganya la pili?

Nimekasirika. Samaki wa kukauka ninaotuma ni wa Safi na mutoto. Wewe usikule.

Kadidja

Kisangani, tarehe 1 mwezi wa nane 1976

Shangazi yangu, mama yangu,

Mbele ya yote: Safi amejifungua tarehe 19, mutoto mwanamuke, wazima wote wawili. Analia kwa sauti ya kukuita wewe. Samaki ilifika, Safi alinipa kichwa kimoja kwa siri, nisamehe na hiyo.

Sasa kesi yangu. Mimi ni mujinga, si muongo. Ni mujinga mara mbili, sikiliza.

Niliporudi kutoka kule, mutu mumoja wa mutaa, anayependa sana kuvaa insigne kubwa, alisema mimi napiga foto ubovu wa nchi ili niuzie wazungu. Rafiki akanipasha habari kwamba watakuja kuchukua negatif zangu. Donc nilijifungia chumba cha giza, nikatoa foto zako sita mbio mbio, nikazizika ndani ya gunia la muchele la Safi. Asubuhi wakaja. Hawakunipiga, usilie. Siku mbili waliniuliza neno moja tu: kwa nini unapiga foto mahali hakuna mutu? Ningesema shangazi yangu amenituma, wangecheka. Aparei walirudisha. Negatif hapana. Sikukuandikia hilo sababu niliogopa utasema ni wewe umenitia matatani. Na ungesema, nakujua.

Ujinga wa pili njo huu. Negatif iko na upande unaongaa na upande usiongaa. Ukiilaza kwa upande mubaya, kuume inakuwa kushoto, kila kitu kinageuka. Kwa foto ya mutu siwezi kukosa: insigne inavaliwa upande wa moyo, ikiruka upande wa kuume naiona palepale, natupa karatasi, naanza upya. Nyumba haivai insigne! Na kile kibao cha gare, ambacho maandishi yangenisuta, si nilikuambia kimengolewa? Nililaza negatif kinyume, zote sita, na sikujua mpaka barua yako. Niliposoma "jikoni yangu iko kwa mukono wa kuume" nilikaa chini sokoni, katikati ya wauza ndizi.

Siwezi kukutolea zingine, negatif imekwenda. Lakini fanya hivi. Chukua kioo chako, kisimamishe mezani. Weka foto mbele yake. Usitazame foto, tazama ndani ya kioo. Kama bado si nyumba yako, basi nikatae, sitalalamika.

Mutoto wako aliyekula kichwa cha samaki,
Waziri

Kindu, tarehe 30 mwezi wa nane 1976, siku za kwanza za Ramazani

Mwanangu,

Mungu amukuze mutoto na amupe Safi maziwa mengi. Mimi nimefunga, na magoti yamefunga pamoja nami, hayaimbi. Yale maneno makali ya barua ile, yatupe mutoni. Kukusingizia vile, nilikula nyama ya mutoto wangu mwenyewe.

Nilisimamisha kioo mezani. Niliweka foto ya kwanza. Waziri, jikoni iliruka, ikarudi mahali pake! Nililia kwa sauti mpaka jirani akaingia na mwiko mukononi akifikiri ni nyoka. Niliona ngazi yangu, ile ya pili iliyopasuka. Niliona dirisha nililokuwa namupitishia Feruzi kahawa bila yeye kuinuka. Nikaziweka moja moja, nikasalimia kila ukuta.

Halafu ya tano.

Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Wewe una macho na aparei juu yake, na inabidi uambiwe na mwanamuke wa miaka hamsini na nane. Shika maneno yangu polepole. Umeandika majani yanakufika kiunoni. Ni kweli, kwa foto zote ni majani tu. Lakini nyuma ya ngazi ya jikoni, kuelekea tangi la maji, kuna mahali majani yamekatwa. Si pakubwa. Ni urefu wa mutu amelala. Pamekatwa vizuri, na pembeni moja kuna kipande cha reli kimesimamishwa. Kwa ile foto iliyogeuka, pale palikuwa mahali popote tu, sikupatambua. Ndani ya kioo ni pale Feruzi alikuwa anatandika mukeka wake, kila siku, uso kwa tangi, akisema kibla chake kina miguu mine.

Mwanangu, nyumba haina mutu, paa imeanguka, mulango hakuna. Nani anakata majani?

Ulisema muzee na panga.

Bwana Sefu nilimuambia Ramazani imefika na jibu halijafika. Akasema, haraka ya nini, akaniletea tende. Nilikukataza kuuliza sababu niliogopa nitajibiwa. Niliogopa, sasa unajua. Nenda ukaulize, Waziri. Uulize kwa adabu, na chochote anachosema, uniandikie chote, usinipunguzie hata neno.

Shangazi yako Kadidja

Kisangani, tarehe 10 mwezi wa kumi 1976

Shangazi yangu mupenzi,

Wote wazima huku. Kaa chini mbele ya kusoma. Kama uko peke yako, uite jirani.

Nilikwenda bila aparei, na kilo moja ya chumvi na sabuni mbili. Nilikaa kwenye ngazi yako ya jikoni, ile iliyopasuka. Sikuita mutu. Baada ya muda murefu muzee alitoka porini, akasimama mbali, panga mukononi.

"Leo haukuja na kile kitu?"

"Hapana, papa. Nimekuja kuuliza tu."

"Wewe ni mutu wa serikali?"

"Mimi ni mutoto wa kaka ya Mama Kadidja, muke wa shefu wa gare."

Shangazi, panga ilianguka. Alikaa chini kwenye majani, akafunika uso. Jina lake ni Cyprien, alikuwa wa kufungua na kufunga njia za reli chini ya Tonton. Kwa karatasi za serikali hana tena ruhusa ya jina hilo la kizungu, lakini kule porini hakuna wa kumukagua. Anasema unamujua, ulikuwa unamupa mukate wa mihogo Ijumaa. Siku ya kwanza alifikiri mimi napiga foto ili wachukue kiwanja na walime juu yake. Njo maana alinikimbia.

Ulisema nisikupunguzie. Sikupunguzii.

Tonton alibaki siku tatu baada yako. Watu wote walikuwa wanakimbilia porini. Cyprien akamuvuta shati: shefu, twende. Akasema: kuna treni moja bado iko njiani kutoka Kisangani, imejaa watu, nikitoka hapa nani atawafungulia? Akabaki. Treni ikafika, akaifungulia, ikapita. Watu walikuwa wamepanda mpaka juu ya paa. Wenye bunduki wakaja baada yake, jua bado liko juu. Ilikuwa mara moja, Shangazi. Cyprien alikuwa amejificha nyuma ya tangi, aliona. Anasema Tonton hakuita, hakuteseka.

Cyprien alimuzika peke yake siku iliyofuata. Aliniambia hivi, ninaandika sawa na alivyosema: "Mimi ni mukatoliki. Sikujua namna ya kulaza mwislamu. Nikafikiri: huyu mutu, miaka tisa nimemuona anasimama hapa kuongea na Mungu wake, uso kwa tangi. Basi nikamulaza kwa ubavu wa kuume, uso kwa tangi. Kichwa kikaangukia upande jua linatoka. Nilimulaza vizuri? Miaka kumi na mbili hakuna mutu wa kuniambia."

Nilisimama pale. Nilitazama jua, nikatafuta kibla kwa vidole sawa ulivyonifundisha. Shangazi, ilikuwa sawasawa kabisa. Nilimushika mikono yote miwili.

Anakata majani kila mwezi. Hakujua ulikokwenda, alijua tu ni upande wa Maniema, na Maniema ni kubwa. Alisema: nilijua siku moja mutu atakuja, kwa hiyo sikuacha pafungwe.

Nimesoma Fatiha kwa jina lako. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole, mama yangu. Pole sana. Nakulilia huku.

Waziri

Kindu, tarehe 21 mwezi wa kumi na moja 1976

Waziri mwanangu,

Barua yako ilifika Alhamisi, nimepokea. Jirani alikuwa hapa, alinishika. Aksanti kwa kutonipunguzia.

Barua hii naandika nikiwa ndani ya eda. Shehe alisema: Kadidja, kwa sheria eda yako ilipita zamani, haikulazimu. Nikamuambia: Shehe, ya sheria imepita, ya kwangu haijaanza hata siku moja. Akaomba dua, akatuma muke wake aje kunivalisha. Donc niko ndani, miezi mine na siku kumi, siendi sokoni, sivai rangi. Nimepumuzika, Waziri. Sikujua kama kulia kunaweza kupumuzisha hivi. Miaka yote nilikuwa nimesimama.

Nimekasirika naye pia, nakuambia wewe tu. Treni moja! Angeiacha! Halafu nafikiri wale watu juu ya paa, na mimi nilikuwa nimekwisha kupita salama, na hasira inaisha, kesho inarudi.

Muambie Cyprien amemulaza vizuri. Umuambie mara mbili, muzee asikie. Hilaire anamuletea shuka, mukeka na samaki, na safari hii nimezihesabu mbele yake. Eda ikiisha nitapanda boti. Treni isimame ao isisimame kilometa themanini na mbili, mimi nitashuka, wewe tafuta namna.

Bwana Sefu alikuja kwa matanga. Alikaa nje na wanaume, akasoma pamoja nao, akakunja mukeka, akaenda. Hakutazama mulango wangu hata mara moja, na nilimuheshimu kwa hilo. Atauliza tena, siku yake. Sijui nitamujibu ndiyo ao hapana. Lakini zamani sikuweza hata kumukatalia, sikuwa na ruhusa yangu mwenyewe.

Wanawake wanakuja kila siku tangu barua yako. Wengine ni wasichana, vita ile hawaijui. Wananishika mikono, wananiuliza: alikufa lini, mama? Ningesema miaka kumi na mbili, wangesema pole na wangerudi kwa sufuria zao. Nawaambia: alikufa Alhamisi. Basi wanavua viatu, wanakaa chini na mimi, na tunamulia.

Kadidja, mujane wa Feruzi